TEMBEA UONE: MAGARI NA MADEREVA WA MIJI YA MAREKANI

Je, umewahi kuvuka barabara ukiwa na haki yote ya kuvuka, na bado ukaponea chupuchupu? Mimi yalinipata. Yalinipata katika mji wa Houston, nchini Marekani, siku ya pili tangu nifike.

Nilikuwa nimesimama penye njia panda. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka, nami nilitaka kununua maziwa. Taa ya waenda kwa miguu ilionyesha picha ya kiganja cha mkono. Maana yake ni: Ngoja. Nikangoja. Kisha taa ikaonyesha picha nyeupe ya mtu anayetembea. Maana yake ni: Vuka. Nikaingia barabarani.

Hatua ya tatu tu, gari kubwa aina ya pikapu likanijia. Dereva alikuwa akikata kona kwenda kulia. Hakunitazama mimi. Alikuwa akitazama kushoto. Niliruka nyuma, na mfuko ukanitoka mkononi. Breki zikalia. Dereva akainua mkono kuniomba radhi, akaenda zake.

Siku hiyo sikununua maziwa. Nilirudi kwa mwenyeji wangu magoti yakitetemeka. Nilipomweleza alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akasema, "Pole, kaka. Hapa mwenye miguu haonekani."

Maneno hayo nilitembea nayo safari nzima.

SAFARI YENYEWE

Ilikuwa mwezi Mei, mwaka 2025. Nilikwenda kuwatembelea jamaa na marafiki. Nilifika miji mitatu. Mji wa kwanza ni Houston, katika jimbo la Texas, upande wa kusini. Wa pili ni Detroit, upande wa kaskazini, karibu na mpaka wa Kanada. Wa tatu ni New York, upande wa mashariki, kando ya bahari.

Mwenyeji wangu wa Houston ni mama mmoja kutoka Uvira, nchini Kongo. Tulifahamiana zamani mkoani Kigoma, alipokuwa akiishi na familia yake katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Baadaye walipokelewa Marekani. Nyumbani kwake Kiswahili ndiyo lugha ya mezani.

Sikwenda Marekani kuchunguza magari. Lakini ukifika miji ile huwezi kukwepa jambo hilo. Magari yako mbele yako, nyuma yako, na juu yako kwenye madaraja. Wahenga walisema, tembea uone. Basi nakusimulia niliyoyaona, mazuri na mabaya.

KWA NINI DEREVA HAKUNIONA

Kwanza, Marekani magari hupita upande wa kulia wa barabara. Usukani uko upande wa kushoto wa gari. Kwetu ni kinyume chake. Kwa hiyo mgeni kutoka kwetu hutazama upande usiofaa kila anapotaka kuvuka. Inambidi ajifunze upya, kama mtoto.

Pili, kuna sheria ambayo mimi sikuijua. Katika sehemu nyingi za Marekani, dereva anaruhusiwa kukata kona ya kulia hata kama taa yake ni nyekundu. Masharti ni kwamba asimame kabisa kwanza, atazame, na awapishe wanaovuka kwa miguu.

Sheria hiyo ilieneaje? Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilikataa kuiuzia Marekani mafuta. Petroli ikawa haba na bei ikapanda. Watu walipanga foleni ndefu kwenye vituo vya petroli. Serikali ikatafuta njia za kubana matumizi. Ikaonekana kwamba gari linalosimama bure kwenye taa nyekundu linachoma mafuta bure. Basi madereva wa majimbo mengi zaidi wakaruhusiwa kukata kona.

Mafuta yakaokolewa kidogo. Lakini fikiri mwenyewe, ndugu msomaji. Dereva anayekata kona ya kulia anaogopa magari yanayotoka kushoto. Macho yake yote yako kushoto. Mwenda kwa miguu naye anaweza kuwa anatoka kulia. Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Dereva yule hakuwa mtu mbaya. Aliogopa magari, na mimi sikuwa gari.

KILA MTU NA GARI LAKE

Houston ni mji mpana sana. Nyumba zimetawanyika, duka liko mbali, na kazini ni mbali zaidi. Barabara kuu moja inayotoka mjini kwenda magharibi, kwenye baadhi ya sehemu zake, ina njia zaidi ya 20 za magari ukihesabu na zile za pembeni. Hebu fikiri magari 20 yakienda bega kwa bega! Na bado asubuhi na jioni barabara hiyo hujaa, magari yakatambaa kama kinyonga.

Nilikaa kando ya dirisha la gari nikahesabu. Magari mengi yalikuwa na mtu mmoja tu ndani. Viti vinne vitupu, mtu mmoja. Serikali imeweka njia maalum kwa magari yenye watu wawili au zaidi, ili watu wapeane nafasi. Lakini wengi hupenda kwenda peke yao.

Katika nchi nzima ya Marekani, zaidi ya nyumba 90 kati ya kila 100 zina gari. Nyingi zina magari mawili au zaidi. Katika majimbo mengi kijana wa miaka 16 anaweza kupata leseni.

Watu hawashuki kwenye gari kwa mambo madogo. Nilimwona mtu akinunua chakula kupitia dirisha la gari. Kaagiza, kalipa, kapokea, kaondoka, hakukanyaga chini. Benki nazo zina madirisha ya namna hiyo. Hata duka la dawa.

Petroli mtu hujitilia mwenyewe. Ni katika jimbo moja tu, New Jersey, ambapo sheria inakataza kabisa dereva kujitilia. Huko lazima mhudumu aje amtilie.

NJIA PANDA ISIYO NA ASKARI

Sasa nikueleze jambo lililonipendeza kuliko yote.

Kwenye mitaa ya nyumba za watu kuna njia panda nyingi zisizo na taa wala askari. Kuna kibao chekundu tu chenye pembe nane. Kimeandikwa neno moja lenye herufi nne, maana yake: Simama. Mara nyingi kibao hicho kiko pande zote nne za njia panda.

Dereva akifika hapo husimama. Hapunguzi mwendo tu, bali husimama. Kama magari mawili yamefika, aliyetangulia kufika ndiye anayetangulia kuondoka. Kama yamefika pamoja, aliye upande wa kulia hupita kwanza. Hakuna kupiga honi wala kutukanana. Mmoja huinua mkono, mwingine hupita.

Nilisimama karibu na njia panda moja kwa muda wa nusu saa nikitazama. Wako walioiba, wakapunguza mwendo wakapita. Lakini wengi sana walisimama. Na askari hakuwepo!

Taa za barabarani nazo zina historia yake. Taa za umeme za kuongozea magari ziliwekwa mwaka 1914 katika mji wa Cleveland. Katika mji huohuo aliishi fundi mmoja Mmarekani mweusi, jina lake Garrett Morgan. Yeye alibuni chombo cha kuongoza magari ambacho kiliweza kusimamisha pande zote kwa pamoja kwa muda mfupi, ili walio katikati wamalize kupita. Mwaka 1923 alipata hati ya serikali ya kuthibitisha kwamba ubunifu huo ni wake.

BASI LA MANJANO

Asubuhi watoto wa shule huchukuliwa na mabasi ya manjano. Utayatambua kwa mbali. Rangi hiyo ilichaguliwa mwaka 1939, katika mkutano uliofanyika chuoni mjini New York, kwa sababu inaonekana vizuri hata mapambazuko na magharibi.

Basi la shule likisimama kushusha au kupakia watoto, taa nyekundu huwakawaka. Mkono wa chuma wenye kibao cha "Simama" hujitokeza ubavuni mwa basi. Hapo magari yote husimama, yanayolifuata basi na yanayokuja mbele yake. Isipokuwa barabara iwe imegawanywa katikati kwa ukingo au uwanja, hapo, katika majimbo mengi, walio ng'ambo huendelea.

Niliona asubuhi moja mtoto wa kike, pengine wa miaka sita, akishuka. Kiatu chake kilikuwa kimelegea kamba. Akainama palepale barabarani akaanza kufunga. Magari kumi na moja yalimngoja. Wenye haraka walikuwa na haraka zao, lakini walingoja. Mtoto akamaliza, akavuka, basi likaondoka, magari nayo yakaondoka.

Watoto wadogo ndani ya magari binafsi hufungwa katika viti vyao maalum. Kila jimbo lina sheria hiyo. Mtoto hapakatwi mbele kwenye mapaja. Gari likigonga, mikono ya mama haiwezi kumzuia mtoto, hata mama awe na nguvu namna gani.

MAMA ASIYEKUWA NA MIGUU

Lakini kila chenye sura kina kisogo. Sikiliza habari za mwenyeji wangu.

Alipofika Houston hakuwa na gari, wala hakujua kusoma. Alipata kazi ya kufua mashuka ya wageni katika hoteli. Kazi ilianza saa 11 alfajiri. Saa hizo basi la kumfaa halikuwepo. Ilimbidi atembee kilomita nne gizani.

Unaweza kusema, kilomita nne ni nini? Kwetu tunaendea maji. Ni kweli. Lakini kwetu kuna njia ya miguu. Barabara ile ilikuwa na njia sita za magari na haikuwa hata na kijia kando yake. Alitembea kwenye majani, penye umande na chupa zilizovunjika. Magari yalipita karibu naye kwa mwendo wa kasi.

Alfajiri moja kioo cha pembeni cha gari kilimgonga kiwiko. Akaanguka mtaroni. Gari halikusimama. Alijikokota hadi kazini akafika amechelewa. Ilikuwa mara yake ya tatu kuchelewa mwezi huo. Akaachishwa kazi.

"Kaka," aliniambia, "huku usipokuwa na gari, huna miguu. Nilikuwa na miguu miwili mizima, lakini sikuwa na miguu."

Basi akaamua apate leseni. Lakini leseni ina mtihani wa kusoma. Unaulizwa sheria na alama za barabarani. Unapimwa macho. Halafu unaendesha mbele ya mkaguzi. Asiyejua kusoma ataanzia wapi? Akaingia darasa la jioni la watu wazima, naye ana umri wa miaka 43. Watoto wake walimsaidia nyumbani. Neno la kwanza alilolisoma peke yake, bila kuambiwa na mtu, ni lile la herufi nne kwenye kibao chekundu: Simama.

Mtihani ulimshinda mara mbili. Mara ya tatu akapita. Akanunua gari kuukuu kwa mkopo.

Sasa ana gari, na kazi nyingine nzuri zaidi. Lakini gari nalo linakula. Kila mwezi hulipa deni, bima na petroli. Bima ni lazima kwa sheria. Likiharibika, fundi naye anataka chake. "Nafanya kazi ili nilishe watoto na gari," alisema. "Na gari ndilo linalotangulia kula. Lisipokula, siendi kazini, na watoto hawali."

Alfajiri moja alinichukua tukaenda pamoja. Mtaa ulikuwa mtupu, hata paka hayupo. Tulipofika kwenye kibao chekundu akasimama kabisa. Nikamwuliza, "Mama, unamsimamia nani?" Akajibu, "Hilo ndilo neno la kwanza nililolisoma maishani mwangu. Siwezi kulipita."

DETROIT: MJI WA MAGARI

Kutoka Houston nilikwenda Detroit. Huko ndiko gari lilikofanywa kuwa kitu cha mtu wa kawaida.

Magari yalipoanza yalikuwa ya matajiri. Mwaka 1908 Henry Ford alianza kuuza gari lake liitwalo Model T kwa dola 850. Mwaka 1913 akaanza mtindo mpya kiwandani. Gari lilivutwa polepole mbele ya wafanyakazi, na kila mmoja alifunga kitu kimoja tu. Zamani kuunganisha chasisi ya gari moja kulichukua kama saa 12 na nusu. Kwa mtindo mpya kulichukua kama saa moja na nusu. Bei ikashuka hadi dola 260 mwaka 1925. Mpaka mwaka 1927 magari hayo yalikuwa yametengenezwa milioni 15. Mkulima aliweza kulinunua. Mfanyakazi aliyeliunda aliweza kulinunua.

Hilo ni jambo kubwa, wala tusilidharau. Mgonjwa alifika hospitali upesi. Mazao yalifika sokoni hayajaoza.

Lakini barabara za magari mengi zinahitaji ardhi. Mwaka 1956 serikali ilipitisha sheria ya kujenga barabara kuu nchi nzima. Zipite wapi? Mara nyingi zilipitishwa katika mitaa ya watu maskini, na hasa ya watu weusi. Katika Detroit palikuwa na mitaa miwili ya watu weusi, Black Bottom na Paradise Valley. Palikuwa na maduka, makanisa na kumbi za muziki. Katika miaka ya 1950 na 1960 mitaa hiyo ilibomolewa. Mahali palipokuwa na mtaa wao mkuu wa biashara ikapita barabara kubwa. Nilisimama juu ya daraja nikatazama chini. Sikuona duka wala kanisa. Niliona magari.

Karibu na Detroit, katika mji wa Dearborn, kuna nyumba ya makumbusho. Ndani yake nililiona basi moja la zamani. Ni basi alilopanda Bi Rosa Parks tarehe 1 Desemba, 1955, katika mji wa Montgomery, huko kusini. Siku hizo sheria ilimtaka mtu mweusi ampishe mtu mweupe kiti. Bi Parks alikataa kuinuka. Akakamatwa. Watu weusi wa mji ule wakagoma kupanda mabasi kwa siku 381. Wengi walitembea kwa miguu, mvua na jua. Wenye magari waliwabeba wasiokuwa nayo, asubuhi na jioni, kwa zamu. Mwisho mahakama kuu ya nchi ikaiondoa sheria ile mbaya.

Nililiangalia basi lile kwa muda mrefu. Nikafikiri: gari si zuri wala baya lenyewe. Inategemea watu wanalitumiaje. Gari lenye mtu mmoja na viti vinne vitupu ni gari. Na gari lililombeba jirani aliyegoma ni gari pia.

NEW YORK: HUKO NILIPATA MIGUU YANGU

New York ni tofauti kabisa. Zaidi ya nusu ya nyumba za mji huo hazina gari. Watu hutembea, hupanda mabasi, na hupanda treni zinazopita chini ya ardhi. Treni hizo zilianza mwaka 1904, nazo hutembea usiku na mchana. Ndani nilimwona mfanyakazi wa ofisini na tai yake amekaa karibu na fundi mwashi mwenye vumbi. Wote walilipa nauli ileile.

Madereva wa New York si wapole kama wa Houston. Honi zinalia kutwa. Teksi za manjano zinajipenyeza kama panya. Lakini kukata kona ya kulia kwenye taa nyekundu kumekatazwa, isipokuwa penye kibao kinachoruhusu. Njia za waenda kwa miguu ni pana na zimejaa watu. Dereva anajua kwamba watu wapo, kwa hiyo anawatazama.

Tangu tarehe 5 Januari, 2025, mwenye gari dogo anayeingia katikati ya mji huo mchana hutozwa dola 9. Fedha hizo ni za kutengeneza treni na mabasi. Wako waliokasirika, na wengine walikwenda mahakamani. Lakini nia yenyewe inaeleweka: anayechukua nafasi kubwa barabarani amchangie asiye na gari.

MTEMBEAJI MSHAMBA

Zamani barabara za mijini Marekani zilikuwa za wote. Watoto walicheza humo, wachuuzi waliuza humo, farasi walipita humo. Magari yalipozidi, watu wengi walikufa, hasa watoto. Wananchi wakakasirika, wakadai magari yapunguziwe mwendo.

Wenye biashara ya magari wakaona hatari. Katika miaka ya 1920 wakaanza kueneza maneno kwamba kosa si la gari. Kosa ni la anayevuka ovyo. Wakampa jina la dharau. Kwa Kiswahili tungesema "mtembeaji mshamba", yaani mtu wa shamba asiyejua kutembea mjini. Mwaka 1925 mji wa Los Angeles ulitunga sheria kali ya kuwazuia wanaovuka popote. Miji mingine ikafuata.

Unaona, ndugu msomaji? Barabara ilikuwa ya mtu. Ikawa ya gari. Na mtu akaambiwa yeye ndiye mshamba.

Siku hizi mambo yanaanza kugeuka. Tangu tarehe 1 Januari, 2023, jimbo la California limepunguza makali ya sheria hiyo. Askari hawezi kumtoza faini anayevuka, isipokuwa kama kuna hatari ya kweli ya kugongwa. Mji wa New York nao umeruhusu watu kuvuka mahali pasipo kivuko.

HESABU YA VIFO

Sasa tufanye hesabu pamoja. Mwaka 2022 watu zaidi ya 42,000 walikufa kwa ajali za barabarani nchini Marekani. Gawa kwa siku 365. Utapata watu 115 kila siku, katika nchi yenye barabara nzuri, taa, vibao na hospitali.

Kati yao, zaidi ya 7,000 walikuwa wakitembea kwa miguu. Mwaka 2009 waenda kwa miguu waliokufa walikuwa kama 4,100. Idadi imepanda sana. Wengi hugongwa usiku, kwenye barabara pana za magari yaendayo kasi. Tena magari yamekuwa makubwa. Gari dogo humgonga mtu miguuni. Pikapu ndefu humgonga kifuani.

Pombe nayo inaua. Mwaka huohuo wa 2022, watu zaidi ya 13,000 walikufa katika ajali zenye dereva aliyelewa. Huko California mama mmoja, Candy Lightner, alifiwa na binti yake wa miaka 13 aliyegongwa na dereva mlevi. Mwaka 1980 mama huyo alianzisha chama cha akina mama cha kupinga ulevi barabarani. Walikwenda kwa wabunge, walikwenda mahakamani, walizungumza na watu. Sheria zikakazwa na vifo vya namna hiyo vikapungua sana. Havijaisha, lakini vilipungua. Kilio cha mama mmoja kilikuwa sheria.

Mkanda wa kiti nao umeokoa wengi. Jimbo la New York lilikuwa la kwanza kuwalazimisha watu kuufunga, mwaka 1984. Wengine walinung'unika. Leo watu kama 9 kati ya kila 10 wanaokaa mbele huufunga.

TUCHUKUE NINI, TUACHE NINI

Ndugu msomaji, huenda wewe huna gari. Huenda hutakuwa nalo. Lakini barabara inakuja. Vijiji vingi vyetu sasa vimepitiwa na lami, na pikipiki na mabasi yanapita usiku na mchana.

Yako ya kuchukua. Tuchukue kusimama pale tunapotakiwa kusimama, hata kama askari hayupo. Tuchukue kuwangoja watoto wavuke. Tuchukue mkanda. Dereva wa bodaboda achukue kofia ngumu, na abiria wake pia. Tumkataze aliyelewa asishike usukani, hata akiwa mjomba wetu.

Yako ya kuacha. Tusikubali lami ipite kijijini bila kijia cha waenda kwa miguu, na bila kivuko karibu na shule. Barabara inapopangwa, serikali ya kijiji iseme mapema. Kusema baada ya kujengwa ni kazi ngumu, kama walivyoona watu wa Detroit.

Na mpaka hapo, tujilinde. Tembea upande wa kulia wa barabara, ili magari yaliyo karibu nawe uyaone yakija mbele yako. Usiku vaa nguo nyeupe au beba tochi. Kabla ya kuvuka tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena. Usivuke nyuma ya basi kabla halijaondoka.

Siku ya kuondoka Houston, mama yule alinipeleka kiwanja cha ndege. Tulifika penye njia panda ileile niliyoponea. Taa ilikuwa nyekundu, naye alitaka kukata kona ya kulia. Akasimama. Akatazama kushoto. Kisha nikamwona akigeuza shingo, akatazama kulia kwa makini, penye majani. Hapakuwa na mtu. Akatazama tena.

Nikamwambia, "Wengine hawatazami huko."

Akasema, "Mimi nilikuwa huko."

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini dereva wa pikapu hakumwona mwandishi alipokuwa akivuka?

2. Mama wa Uvira alisema alikuwa na miguu lakini hana miguu. Alikuwa na maana gani?

3. Watoto wa kijiji chenu huvuka barabara wapi? Nani anawaangalia?

4. Kama barabara mpya ingepita kijijini kwenu, mngeiomba serikali iweke nini, na mahali gani?

5. Gawa: kama watu 42,000 wanakufa kwa mwaka, ni wangapi kwa mwezi mmoja?